Kifaranga wa Shimo la Kumi na Mbili

Toribio aliamka na hesabu moja tu kichwani: siku tisa, kifaranga mmoja.

Baada ya siku tisa tishari lingekuja. Lingebeba magunia ya samadi ya ndege, lingebeba watu sitini na mabeleshi yao na masufuria yao, na kisiwa cha Morrillo wangeachiwa ndege wenyewe kwa miaka minane. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na sheria, na ilikuwa fupi kiasi kwamba hata wasiojua kusoma waliijua. Pakiwa na ndege hata mmoja anayekalia shimo lake, sururu haigusi. Pakiwa patupu, panachimbwa.

Pahali pekee palipobaki ni bonde la kusini. Kwingine kote walishakwangua mpaka jiwe likang'aa. Na pengwini wa bahari ile hana kazi na jiwe. Yeye huchimba shimo kwenye samadi iliyoganda, anataga humo, analelea humo. Humo ndimo kivuli, humo ndimo anamojificha asionwe na shakwe wenye macho ya wizi.

Toribio aliijua habari hiyo vizuri. Kwenye kisiwa alicholinda kabla ya hiki, walikwangua chote. Mwaka uliofuata pengwini walirudi, wakazungukazunguka juu ya mwamba kama watu waliotoka sokoni wakakuta nyumba imebomolewa. Wengine walitaga hivyo hivyo juani. Mayai yakapikika. Mwaka wa pili hakurudi hata mmoja, na mpaka leo kule kuna upepo tu.

Na mwaka huu ulikuwa wa Elninyo. Bahari, ambayo siku zote ni baridi ya kung'ata mifupa, ilikuwa vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Dagaa walikimbilia chini, walikimbilia kusini, wanakojua wenyewe. Pengwini wakubwa walianza kukaa baharini siku moja, kisha tatu, kisha wakaacha kurudi. Kila asubuhi Toribio alipita bondeni na ndoo akiokota vifaranga waliokufa. Mashimo yalikuwa thelathini na moja, kila moja na kibao cha namba alichokipaka rangi mwenyewe. Akafa wa namba tano. Akafa wa namba nane. Wa namba ishirini na sita walikuwa wawili, wakafa siku moja. Na asubuhi hiyo, alipoinama kwenye namba kumi na tisa, alimkuta mama amekalia kifaranga wake, na kifaranga amekakamaa kama soksi iliyokaukia kambani.

Akabaki mmoja. Namba kumi na mbili.

Toribio akalala kifudifudi, akachungulia shimoni. Kifaranga alikuwa amekaa na tumbo lake tupu, manyoya yake ya kijivu yamesimama, jicho moja limefumba. Mama yake hakuwa ameonekana tangu kabla ya Krismasi. Baba yake, dume lenye kovu kifuani, aliondoka siku nne zilizopita.

"Compadre, umelala hapa au umekuja kuamkia?"

Alikuwa Casimiro, mwenzake wa kijiji kimoja kule milimani. Toribio alimsimamia ubatizo binti yake wa kwanza, ndiyo maana waliitana compadre. Casimiro alikuwa mchimbaji, mwenye shavu moja lililotuna majani ya koka na mdomo usiojua kupumzika.

"Nimekuja kuhesabu," Toribio akasema.

"Kuhesabu mmoja? Hata mimi niliyeacha shule darasa la pili ningemaliza kabla ya chai."

"Casimiro, niache."

Casimiro akamwangalia vizuri, akaacha utani. Akachuchumaa. "Bado anapumua?"

"Anapumua. Lakini leo hakulia nilipokaribia. Jana alilia."

Nyuma yao mawe yakaporomoka. Don Abdón, nyapara, alikuwa anashuka kwa ubavu, kofia mkononi, jasho linamtiririka. Yeye alikuwa mtu wa pwani, mnene, na vumbi la samadi lilimpa kikohozi kisichoisha.

"Don Toribio. Nipe bonde."

"Kuna kifaranga, don Abdón."

"Kuna kifaranga leo."

"Leo ndiyo siku tuliyo nayo."

Don Abdón akakohoa, akatema pembeni. "Nikuambie ukweli? Mimi sina ugomvi na hawa ndege. Lakini kule juu watu wanakwangua mawe sasa. Mawe! Tishari likija nusu tupu, atakayeulizwa ni mimi, pengwini hawaulizwi. Akifa, uniambie siku ile ile. Usinifiche."

"Sijawahi kumficha mtu hesabu."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe." Akapanda zake, akikohoa.

Ukweli ni kwamba Toribio alikuwa ameshajaribu kila kitu. Alitupa ndoano mwambani siku mbili, akavua samaki wa ajabu wa maji ya moto, wana miiba kama sindano. Alimponda mmoja mpaka akawa uji, akamdondoshea kifaranga mdomoni kwa kijiko. Kifaranga akatapika. Akajaribu samaki wa kopo aliyemwosha mafuta mara tatu. Kifaranga akatetemeka mpaka Toribio akadhani amemuua. Na yote hayo aliyafanya akijua kwamba hakuruhusiwa. Daktari Yovana, mtaalamu wa ndege, alimwambia tangu mwaka wa kwanza: "Don Toribio, macho tu. Mikono mfukoni." Kila jioni saa kumi na mbili Daktari aliita kwa redio kutoka mjini, naye akampa hesabu. Habari za kijiko hakuzisema.

"Yule mama wa kumi na tisa," Casimiro akasema ghafla. "Mbona shingo yake imejaa?"

Toribio akageuka. Kweli. Mama wa namba kumi na tisa alikuwa ametoka mdomoni mwa shimo lake, na hakuwa na ule mkunjo wa njaa kifuani. Alirudi jana jioni. Alipata kitu huko baharini, akakileta, akamkuta wa kumlisha hayupo tena.

Wakatazamana. Wote wawili walikuwa wamefikiria jambo lile lile, na wangekuwepo wale wengine sitini, wote wangefikiria hilo hilo. Wote walikuwa watu wa kondoo.

Kule milimani, kondoo akifiwa na mwanawe na mwana mwingine akifiwa na mama, hakuna anayekaa kulia. Unamchuna yule mwanakondoo aliyekufa. Unatoboa matundu ya miguu kwenye ngozi, unamvalisha yatima kama koti, unafunga kamba tumboni. Mama anamnusa. Ananusa tena. Anasikia harufu ya mwanawe, anaachia chuchu. Toribio alifanya kazi hiyo tangu ana miaka saba, na mama yake alikuwa akimsifu mbele za watu, eti mikono ya huyu mtoto inafufua.

"Unayo sindano ya magunia?" Toribio akauliza.

"Ninayo. Na uzi." Casimiro akaitoa mfukoni. "Compadre, yule Daktari wako..."

"Daktari yuko mjini."

Akaingiza mkono taratibu namba kumi na tisa. Mama akamdonoa mara mbili, damu ikatoka kwenye kifundo cha mkono. Akavumilia, akamtoa maiti. Kwa kisu chake cha mfukoni akamchuna pale pale nyuma ya jiwe, kama alivyofundishwa, kuanzia tumboni, bila kupasua mgongo. Ngozi ilikuwa ndogo kuliko kitambaa cha kufutia pua. Kisha akamtoa wa namba kumi na mbili. Hakupigana. Alikuwa mwepesi, mwepesi wa kutisha, ungedhani umeshika kofia. Toribio akamshika, Casimiro akashona. Mishono minne, mafundo mawili chini ya kidevu.

"Amependeza," Casimiro akasema. "Kama anakwenda kipaimara."

Hata Toribio akacheka. Lilikuwa cheko la mtu aliyesahau kucheka siku nyingi, likatoka na mlio wa ajabu.

Wakamweka mdomoni mwa shimo la kumi na tisa, wakarudi nyuma, wakalala nyuma ya jiwe.

Mama akamtazama kwa jicho la kulia. Akageuza kichwa, akamtazama kwa la kushoto. Akasogea hatua moja. Toribio akakamata mkono wa Casimiro. Mama akainama, mdomo wake ukagusa ile ngozi, ukatulia hapo.

"Anamnusa," Casimiro akanong'ona. "Mtakatifu Yohana wa kondoo, anamnusa!"

Ndipo kifaranga akahisi kuna mkubwa karibu, njaa ikamwamsha. Akainua kichwa, akafungua mdomo, akalia. Kilio chembamba, kama mlango wa kabati unaohitaji mafuta.

Mama akaruka nyuma. Manyoya ya shingo yakamsimama. Akampiga kifaranga kwa mdomo kichwani, akampiga tena, akampiga mgongoni mpaka ile ngozi ikachanika. Toribio alishainuka anapiga kelele. Mama akamwona mtu, akageuka, akajitupa kwenye mteremko, akateleza kwa tumbo mpaka chini, akaingia majini. Akapotea na chakula chake chote shingoni.

Toribio akampakata kifaranga. Damu ilimtoka utosini, tone moja moja.

"Ni bahati mbaya tu," Casimiro akasema. "Ni bahati mbaya, compadre, tukimsubiri yule mama arudi..."

Hakumaliza. Juu yao, kwenye bonde, sauti ikalia kama punda. Ikalia tena, ndefu, ya kukwaruza, mpaka mawe yakaitika.

Toribio akainua macho. Mbele ya kibao cha namba kumi na mbili alisimama pengwini dume mwenye kovu kifuani, maji yanamchuruzika. Siku nne. Alikuwa amerudi. Tumbo lake lilikuwa limejaa mpaka anayumba. Aliinamia shimo lake, akaita, akatega kichwa kusikiliza, akaingia ndani, akatoka, akaita tena.

"Mungu wangu," Toribio akasema. "Mungu wangu, nimemwibia."

Akakimbia. Alikimbia amekunja magoti, ameinama, amemficha kifaranga kifuani ili baba asiogope, huku anahangaika na lile fundo. Uzi ulikuwa umelowa damu, haulegei. Akaung'ata kwa meno. Ukakatika. Akavuta ngozi, akaitupa. Akamweka kifaranga hatua mbili kutoka shimoni na kurudi nyuma haraka, kinyumenyume, mpaka akajigonga kwenye mwamba.

Dume lilikuwa limekimbilia kando. Sasa likasimama, likatazama. Pale chini palikuwa na kitu cha kijivu chenye damu, kinachonuka mikono ya watu. Likaita.

Kifaranga akafungua mdomo. Toribio aliuona umefunguka. Lakini hakusikia kitu, wala dume halikusikia kitu, kwa sababu juu ya bonde watu sitini walikuwa wanakwangua. Sururu kwenye jiwe, mabeleshi, matoroli, wavu wa kuchekechea. Kelele ambayo Toribio alishaizoea, sasa ikawa kama mtu amemshika kifaranga koo.

"Wanyamazishe!" akamwambia Casimiro kwa ishara tu, mikono hewani. "Wanyamazishe!"

Casimiro alipanda ule ubavu kama mbuzi. Toribio alimwona juu kabisa, amevua kofia, anaipunga, anapiga kelele kwa lugha ya milimani. Mmoja akaacha. Wakaacha watano. Toroli likagonga jiwe likasimama. Sauti ya don Abdón ikasikika, "Nani kasema mpumzike, nyie mbwa wa..." ikafuatiwa na maneno ya Casimiro, na baada ya hapo hata don Abdón akanyamaza. Wakaja wote ukingoni mwa bonde, wakasimama kwa mstari, weupe wa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu, kila mtu na chombo chake mkononi. Mmoja akabanwa na chafya, mwenzake akamfunga pua kwa kiganja.

Ukawa ukimya wa kanisani.

Dume likaita.

Kifaranga akalia. Mara moja tu, kidogo, lakini kilio kilisikika mpaka ukingoni, maana Toribio aliwasikia wale watu wakivuta pumzi kwa pamoja.

Baba akaja. Hakuchungulia damu, hakujali harufu. Akaja moja kwa moja kwa ile miguu yake mifupi, akainama, akafungua mdomo mpana, dagaa wakaonekana ndani yake wanameta. Kifaranga akainua kichwa. Kikafika nusu. Kikaanguka. Baba akainama zaidi, akatikisa shingo, akasogeza mdomo mpaka ukagusa mdomo wa mwanawe. Kifaranga akainua kichwa tena, akakiweka juu ya mguu wa baba yake, akakiacha hapo.

Toribio alisubiri kiinuke. Watu sitini walisubiri kiinuke. Jua likasogea, kivuli cha kibao kikasogea. Baba aliita mara nyingi, na kila akimaliza aliinamisha kichwa kusikiliza. Ni kule kusikiliza ndiko kulikowashinda watu. Mmoja mmoja wakageuka, wakaondoka ukingoni. Siku hiyo hakuna aliyekwangua tena mpaka jioni, na don Abdón hakumfokea mtu.

Saa kumi na mbili redio ikaita.

"Morrillo, Morrillo. Don Toribio, nipe hesabu."

"Vifaranga sifuri, Daktari."

Redio ikakoroma. "Namba kumi na mbili jana alikuwepo."

"Alikuwepo. Hata leo asubuhi alikuwepo. Nilimtoa mimi, Daktari. Baba yake alikuwa njiani anakuja na chakula, mimi nikamtoa, nikamvalisha ngozi ya maiti wa kumi na tisa."

"Ulimvalisha nini?"

Akamweleza. Habari ya kondoo, ya harufu, ya sindano, ya mama aliyeruka. Akamweleza na za kijiko. Hakuacha kitu. Don Abdón alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza, kofia kifuani.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Aliposema, hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Toribio zaidi. "Hawajuani kwa harufu, don Toribio. Wanajuana kwa sauti."

"Sasa najua."

"Nilikuambia usiguse. Sikukuambia kwa nini. Miaka yote hiyo, sikukaa nikakuambia kwa nini." Akavuta pumzi. "Naweza kuandika barua ofisini, waliache bonde. Itachukua wiki mbili."

"Tishari linakuja baada ya siku tisa."

"Najua."

Don Abdón akasubiri redio izimwe. "Kesho kukipambazuka tunashuka wote wawili," akasema. "Pakiwa patupu, mimi naanza. Samahani, don Toribio. Naanza."

Patakuwa patupu, Toribio alijua. Pengwini asiye na mtoto hana cha kumweka nchi kavu mwaka wa njaa. Anarudi baharini kutafuta, na baharini hakuna kitu.

Kulipopambazuka wakashuka. Nyuma ya don Abdón walikuja watu sita na sururu, Casimiro mmoja wao, shavu lake tupu, bila koka wala neno. Wakafika kwenye kibao cha kumi na mbili, wakasimama.

Dume lilikuwepo. Limeegemea mdomo wa shimo, limefumba macho, limevimba kama mto wa kulalia. Na chini, mbele ya shimo, manyoya yalikuwa yametapakaa. Manyoya meusi ya mgongoni, meupe ya tumboni. Kipande cha ubavu kilikuwa kimebaki wazi.

"Anaumwa huyu," don Abdón akasema.

Toribio akainama, akatazama kile kipande cha ubavu. "Haumwi. Anabadilisha manyoya. Ndiyo majira yake, huwa wanaanza mwezi huu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hawezi kuingia majini. Maji yatampenya mpaka kwenye nyama. Atakaa hapa mpaka mapya yaote. Siku ishirini, labda zaidi."

Mmoja wa wale sita akateremsha sururu yake chini. Don Abdón akahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Ndege mmoja, anayekalia shimo lake. Sheria haikusema mkubwa au mdogo.

"Na atakula nini siku ishirini?"

"Hali. Anaishi kwa mafuta yaliyo mwilini. Mwaka mzuri wanakula kwanza wiki nzima, mpaka wananenepa hata kutembea shida. Huyu..." Toribio akaonyesha mfupa wa kifua uliochongoka chini ya lile kovu. "Huyu hana akiba. Ana wale dagaa wa jana tu. Wa mwanawe."

Upepo ukabeba manyoya mawili matatu, ukayashusha baharini.

"Akifa siku ya tano?" don Abdón akauliza, pole pole, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa.

"Patakuwa patupu."

"Basi siku ya tano nitakuja. Na ya sita, na ya saba." Akavaa kofia yake. "Twendeni, tukakwangue mawe."

Wakaondoka. Casimiro alibaki nyuma kidogo, akamgusa compadre wake begani, akawafuata wenzake.

Toribio akatafuta jiwe la mbali, akakaa. Mbali ambako ndege hatamwona kama mtu. Jua lilikuwa linapanda, na dume lilijisukuma nyuma, kidogo kidogo, mpaka likaingia kwenye kivuli cha shimo, likabaki linaonekana mdomo tu.

Kaa, Toribio alimwambia moyoni. Kaa siku nane. Vumilia siku nane tu.

Akayasikia maneno yake mwenyewe, uso ukamwaka moto peke yake pale mwambani. Siku nane zilikuwa za bonde. Ndege alihitaji ishirini.

Ndani ya kivuli, dume likafungua mdomo, likaita kwa sauti iliyokauka. Kisha likainamisha kichwa, likasikiliza.